Uzi maalumu: Kumiliki semi miaka minane na kuendelea, pesa inaenda wapi hasa?

Lita Arobaini

Wakuu, heshima kwenu. Mtu akiuliza "semi inalipa?", majibu huishia kwenye bei ya kichwa na tela. Hiyo bei ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi. Kinachofilisi watu ni miaka minane inayofuata. Naweka hesabu hapa, wenye magari na mafundi mje muikosoe.

Kwanza kipimo. Kila mtu humu ana sarafu yake na zote zinapanda na kushuka, kwa hiyo mimi natumia lita ya dizeli. Gharama yoyote igawe kwa bei ya lita moja pale unapojazia, upate ni sawa na lita ngapi, halafu ipeleke kwenye kila km 1,000. Bei nilizoweka ni za mfano tu, toa uweke zako.

Gari ya mfano: kichwa cha ekseli tatu, tela ya ekseli tatu, tairi 22 chini. Inatembea km 120,000 kwa mwaka. Wastani wake, ukichanganya kwenda na mzigo na kurudi tupu, ni lita 40 kwa km 100. Hapo ni lita 48,000 kwa mwaka, lita 384,000 kwa miaka minane. Tuseme kichwa na tela vikiwa vipya vimekugharimu thamani ya lita 80,000. Mafuta peke yake yatakula karibu mara tano ya bei ya gari. Mtu anabembeleza punguzo la asilimia 3 wakati wa kununua, yaani lita 2,400, halafu anachukua gari inayozidisha lita mbili kwa kila km 100. Hizo mbili ni lita 2,400 kila mwaka, mpaka siku ya kuuza.

Mgawanyo wa km 1,000 ninaoupata:

Mafuta: 400
Uchakavu, ukiuza baada ya miaka minane kwa asilimia 20 ya bei: 67
Tairi: 51
Oili, filta, grisi: 8
Akiba ya matengenezo makubwa: 30
Breki, springi, bushi, taa na vurugu nyingine ndogondogo: 25
Gharama za kila mwezi (dereva, bima, leseni, maegesho), tuseme lita 1,800 kwa mwezi kwenye km 10,000: 180

Jumla lita 761. Mkopo sijautia bado.

Mgeni Barabarani

Shukrani mkuu. Hiyo 400 ya mafuta ni ya kudumu au kuna pa kupunguzia? Wapo wanaodai wanapata km 3 kwa lita.

Lita Arobaini

Km 3 kwa lita ni sawa na lita 33 kwa km 100. Inawezekana kwenye lami tambarare, mzigo wa wastani na dereva mtulivu. Kwenye milima na mzigo uliojaa, lita 45 hadi 55 wala si ugonjwa wa gari. Kwa hiyo mtu akikutajia ulaji wa gari muulize njia gani na tani ngapi, bila hivyo namba yake haina kazi.

Pa kupunguzia papo. Kwanza mwendo. Ukinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka 80 kwenda 100 km/h upepo unakusukuma nyuma kwa asilimia 56 zaidi. Pili, kuacha injini inaunguruma gari limesimama. Semi hula lita 2.5 hadi 3.5 kwa saa bila kusogea. Chukua 3, mara saa 4, mara siku 280 za kazi: lita 3,360 kwa mwaka zimeishia kwenye kiyoyozi na foleni za kupakua. Tatu, upepo wa tairi, nawaachia wenye tairi zao.

Kupima ni kujaza tangi mpaka shingoni, kutembea, kisha kujaza tena mpaka shingoni kwenye pampu ileile gari likiwa limesimama sawa. Geji haipimi wizi. Namba ya ulaji ya kwenye dashibodi inakisia kutokana na muda wa injekta (vinyunyizio vya dizeli) kufunguka, kwa hiyo kikivuja kitu au kikifyonzwa kwenye tangi yenyewe haina habari. Tofauti kati ya dashibodi na pampu ikianza kukua ghafla, ukague tangi, mipira ya dizeli, halafu ndipo umkague mtu.

Fundi Grisi

Mkuu Lita, hiyo 30 ya matengenezo makubwa ngoja niifumue. Ndiyo inayodanganya watu wengi: miaka mitatu ya kwanza haiguswi, mwenye gari anaiona kama faida anaila, zamu yake ikifika anaenda kukopa.

Injini za lita 12 na 13 zikitunzwa hufika km 800,000 hadi 1,200,000 kabla ya kufunguliwa. Ovahoo ni pistoni, ringi, laina (silinda za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), bearingi za kranki na konrodi, gasketi zote, na sirinda hedi ipimwe nyufa na isawazishwe. Weka lita 12,000 kwenye km 900,000, unapata 13 kwa kila km 1,000. Klachi 1,500 kwa km 300,000, hiyo ni 5. Injekta sita 3,000 kwa km 500,000, ni 6. Tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini) 1,500 kwa km 500,000, ni 3. Pampu ya maji, altaneta, stata na kompresa ya hewa zigawane 3 iliyobaki.

Klachi ikishushwa usibadilishe sahani peke yake. Presha pleti, riliizi bearingi na pailoti bearingi ziende pamoja, flaiwili ikwanguliwe ikiwa ina nyufa za moto, na oili sili ya nyuma ya kranki iangaliwe hapohapo. Gharama kubwa pale ni kushusha giaboksi. Kuishusha mara mbili kwa sababu ya bearingi ndogo ni hasara ya kujitakia.

Sasa vinavyoua injini kabla ya kufika huko.

Vumbi. Kichungi cha hewa kinaweza kuwa kipya kabisa, lakini mpira unaotoka kwenye kichungi kwenda kwenye tabo una ufa chini ya klipu. Hapo injini inavuta mchanga moja kwa moja, na ringi na laina zinakwisha kwa muda mfupi mno. Pitisha kidole chini ya mpira kila sevisi, upande usioonekana. Na kichungi usikipige hewa ya kompresa. Karatasi inatoboka vitundu usivyoviona. Badilisha kichungi pale kiashirio chake kinapoonyesha nyekundu.

Maji ya rejeta. Kwenye injini nzito laina imezungukwa na maji, na hutetemeka kila mafuta yanapolipuka. Kule kutetemeka hutengeneza vipovu ukutani mwa laina, vinapasuka, na kila kikipasuka kinabandua chembe ya chuma. Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) yenye kinga sahihi huweka utando unaozuia hilo. Maji matupu ya bomba hayana utando. Matokeo yake ni vitobo vidogo kama vya sindano, kisha maji kwenye oili. Kulanti ina bei, lakini ilinganishe na hiyo lita 12,000 hapo juu. Usichanganye aina mbili pia, zinaweza kuuana nguvu.

Maji kwenye dizeli. Mfumo wa siku hizi unasukuma dizeli kwa zaidi ya bar 2,000, na nafasi za ndani ya injekta ni finyu mno. Tone la maji linaondoa ulainishaji, chuma kinasuguana na chuma. Fungua kikombe cha kutenganisha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia chini.

Tabo: ukitoka kupanda mlima na mzigo usizime hapohapo. Acha dakika 3 hadi 5 oili iendelee kupoza shafti, la sivyo inaungulia ndani na kuwa masizi.

Dizeli Nyingi

Fundi, kuna oili zinaandikwa zinafika km 100,000. Mbona gereji nyingi zinasema 20,000? Wanatuibia?

Fundi Grisi

Wote wanaweza kuwa sahihi. Hiyo 100,000 ni ya oili sintetiki ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, dizeli yenye salfa kidogo sana, njia ndefu na mzigo wa kawaida. Dizeli ikiwa na salfa nyingi inapoungua inazaa asidi, oili inaisha nguvu ya kuizima mapema. Vumbi na kusimama sana huku injini inawaka navyo vinafupisha. Kwenye mazingira hayo, 15,000 hadi 25,000 ni busara.

Injini ya namna hii inachukua lita 35 hadi 40, kwa hiyo kubahatisha ni ghali pande zote mbili. Dawa ni kupeleka sampuli maabara. Chukua ikiwa ya moto, katikati ya mmwagiko, ile ya mwanzo iache ipite. Silikoni ikipanda ni vumbi. Sodiamu au potasiamu ni kulanti inaingia. Chuma ni laina, risasi na shaba ni bearingi. Sampuli moja haisemi mengi, mfululizo wa nne au tano ndio unaoonyesha mwelekeo.

MamaTela

Kwenye tairi hesabu ya mkuu Lita imekaa hivi: mbili za mbele km 100,000, nane za difu (ekseli za nyuma za kichwa) km 160,000, kumi na mbili za tela km 120,000. Ni tairi 0.17 kwa km 1,000, yaani tairi 20 na kitu kwa mwaka. Tairi moja ikiwa sawa na lita 300, ndiyo hiyo 51. Lakini ni 51 ya mtu anayezisimamia. Asiyesimamia anaweza kuifikisha 80 bila kujua ilikopitia.

Upepo upimwe tairi ikiwa baridi, kabla ya safari. Kwa 315/80R22.5 yenye mzigo, wengi wako bar 8 hadi 8.5, ila namba ya mwisho itoke kwenye jedwali la mtengenezaji kulingana na uzito wa ekseli. Tairi ya moto ikisoma juu usipunguze. Ikipoa itakuwa chini kuliko inavyotakiwa.

Pacha, zile tairi mbili za upande mmoja, ndiyo mtihani. Tairi ya ndani hakuna anayeipima kwa sababu valvu yake haifikiki vizuri. Ikipungua upepo, ya nje inabeba mzigo wa mbili, zote zinachemka, na ya kwanza kupasuka mara nyingi inaondoka na ya pili. Weka valvu ndefu, tatizo liishe. Tena usifunge mpya na nusu-kipara kwenye kitovu (hub) kimoja. Kipenyo kisipishane zaidi ya milimita 6, kwa sababu ile kubwa inabeba na ile ndogo inaburuzwa.

Zipimeni kwa kiganja. Kitembeze juu ya mpira kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukikwaruza kama msumeno, elaimenti (mnyooko wa magurudumu) imekwenda. Watu hurekebisha mbele tu na tatizo linarudi, kwa sababu chanzo kiko nyuma: ekseli mbili za difu hazilingani, zinasukuma kichwa upande, dereva anashikilia usukani kuirudisha, na tairi za mbele ndizo zinazolipa. Lazima ekseli zote zipimwe, za tela zikiwemo.

Ritredi (tairi zilizovikwa mpira mpya juu) zinaokoa pesa nyingi kwenye difu na tela kama kiunzi cha tairi ni kizima. Ivue ikiwa imebaki milimita 3 hadi 4. Ukiikamua mpaka waya umeua kiunzi, na kiunzi ndicho mtaji wako. Mbele msiweke ritredi, tafadhali. Umri wa kiunzi usomwe kwenye namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na nati. Gurudumu likifunguliwa zikazwe upya baada ya km 80 hadi 160. Rimu iliyopakwa rangi nene pale inapogusana na kitovu italegea tu hata ukaze vipi, maana rangi inasagika na kuacha nafasi.

Mgeni Barabarani

Mama, umetupa darasa. Na anayenunua iliyotumika afanyeje? Bei inaweza kuwa thuluthi ya mpya.

Fundi Grisi

Kwenye iliyotumika unabadilisha uchakavu kwa matengenezo, basi. Si vibaya, mradi ujue unabeba nini.

Fika injini ikiwa baridi. Ukiikuta tayari ya moto, rudi kesho. Moshi mweupe unaoendelea baada ya kupata joto, au harufu tamu ya kulanti kwenye ekzosi, ni ishara mbaya. Ikishapata moto, geuza kifuniko cha oili juu chini ukiweke wazi kwenye mdomo wake. Kikirukaruka na mvuke ukitoka kwa nguvu, injini inapumua na ringi zimechoka.

Kisha chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari usome mambo mawili: kilomita na saa za injini. Gawanya. Km 900,000 kwa saa 15,000 ni wastani wa 60 kwa saa, maisha ya njia ndefu. Km 900,000 kwa saa 30,000 ni 30 kwa saa, injini ile imeunguruma sana imesimama au ilikuwa ya foleni. Kilomita ni zilezile, kumbe hizo ni injini mbili tofauti kabisa. Saa zikigoma kulingana na kilomita hata kidogo, dashibodi imechezewa.

Ingia chini na tochi. Angalia fremu kuzunguka sahani ya kuunganishia tela na pale mabano ya springi yalipofungwa. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu iliyozeeka, kwaruza. Uchomeleaji kwenye fremu ya kichwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Kingpini

Wakuu mmesahau tela, kama kawaida. Tela haina injini kwa hiyo inaachwa mpaka ichomoke.

Pini ya tela, ile inayoingia kwenye sahani ya kichwa, ya kawaida ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 50.8. Ikifika 49 toa, hata kama bado inanasa. Pima kwa kalipa au geji yake, na upime mbele na nyuma, kwa kuwa inaliwa upande mmoja. Ukisikia mgongo unapigwa kila unapobadilisha gia, kuna nafasi kati ya pini na taya.

Bearingi za vitovu: mchezo unaokubalika ni milimita 0.025 hadi 0.125 ukipima kwa saa ya kipimo. Kukaza kwa hisia ya mkono kunakuletea mojawapo kati ya mawili, kitovu kinachochemka au kinachoyumba na kuua sili. Ukisimama njiani piga kipimajoto cha mwanga kwenye vitovu vyote sita vya tela. Usiangalie joto lenyewe, angalia kilichopishana na wenzake. Kimoja kikiwa juu sana kuliko vingine, breki imeganda au bearingi inaanza kufa.

Breki za hewa: jaza mfumo, zima injini, kanyaga breki na ushikilie dakika moja. Kichwa na tela vikiwa pamoja, presha isishuke zaidi ya psi 4, karibu bar 0.3. Ikizidi, tembea na povu la sabuni. Fungua matangi. Maji kidogo ni kawaida, maji mengi ni kikausha hewa kimeshiba, badilisha katriji. Oili nyeusi ni kompresa inapitisha, na hiyo oili inakwenda kuvimbisha mipira ya valvu zote.

Kwenye chemba ya breki (kopo la hewa linalosukuma fimbo ya breki) ya ukubwa wa 30 ya kawaida, fimbo isitoke zaidi ya milimita 51 breki ikikanyagwa kwa psi 90 hadi 100. Kama ajasta (mikono inayorekebisha nafasi ya breki) ni za kujirekebisha zenyewe na fimbo inazidi, usizikaze kwa spana ukaendelea na safari. Kuna kitu kimezifanya zishindwe: bushi za kemu zimekwisha, ngoma imevuka kipimo kilichogongwa juu yake, au ajasta yenyewe imekufa.

Dizeli Nyingi

Wenye gari za mkojo je? Naona hazijatajwa.

Lita Arobaini

Huo mkojo, yaani mchanganyiko wa urea asilimia 32.5 unaosafisha moshi wa ekzosi, huliwa kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya dizeli. Chukua 5 kwenye lita 48,000, ni lita 2,400 za urea kwa mwaka, gharama yake ongeza kwenye hesabu yako. Chombo cha kujazia kiwe chake peke yake. Dizeli kidogo ikiingia kwenye tangi la urea inaharibu pampu na sili za mfumo mzima. Kuhusu kuuzima mfumo huo wa urea kwa programu: kuna nchi ni kosa, na mnunuzi mwenye mashine ya kusomea atalitumia kushusha bei.

Mkopo sasa. Uliza riba inapigwa kwenye salio linalopungua au kwenye deni lote la mwanzo. Asilimia 10 ya deni la mwanzo kwa miaka mitano, ukilipa kila mwezi, ni karibu asilimia 17 kwa mtindo wa salio. Mikataba miwili inaonyesha 10 ya deni la mwanzo na 15 ya salio, na ya 15 ndiyo nafuu.

Gia Kumi na Sita

Niongeze la gari kulala. Ile 180 ya gharama za mwezi ni kwa km 10,000. Gari likikaa gereji siku kumi na mbili likatembea km 6,000, inakuwa 300. Kwa hiyo spea ya bei rahisi inayochelewa wiki moja si rahisi. Weka stoo mikanda, mpira wa rejeta, dayaframu za breki, filta za dizeli, valvu ya kikausha hewa. Vitu vidogo vinavyolaza gari kubwa.

Halafu km za kurudi tupu. Hiyo 761 ni kwa kila km 1,000, iwe na mzigo au la. Ukienda umejaa na kurudi mtupu, mzigo wa kwenda unabeba 1,522. Wanaokubali bei ya mzigo kwa hesabu ya kwenda tu ndio wanaouza tela mwaka wa tatu.

Mgeni Barabarani

Swali la mwisho kwangu: nijuaje muda wa kuuza?

Lita Arobaini

Usitumie wastani wa maisha yote, tumia mwaka unaokuja. Kwa mfano wetu, miaka mitano ya kwanza gari inashuka kutoka 80,000 hadi 32,000, yaani 80 kwa kila km 1,000. Kutoka wa tano hadi wa nane inashuka 16,000 tu kwenye km 360,000, yaani 44. Ukiishika unaokoa 36 kwa km 1,000, lita 4,320 kwa mwaka. Matengenezo pamoja na siku za kulala yakipanda zaidi ya hapo kuliko gari jipya lingekugharimu, uza.

Uamuzi ufanyike karibu na km 750,000, kabla ya ovahoo. Ukiifanya halafu ukauza mwezi ujao, mnunuzi hatakurudishia lita 12,000 zote. Ama uza kabla na bei iseme hivyo, ama ifungue na uitumie angalau km 300,000 nyingine. Na kabla ya kuitangaza, toa faili: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, matokeo ya oili ya maabara.

Kingpini

Si lazima tela uiuze pamoja na kichwa. Ikiwa ekseli na fremu ni nzima, tela moja inazika vichwa viwili.